MREJESHO: Ile kampuni ndogo ya redio za upepo

Wakuu, habari zenu. Mwaka jana niliuliza kama niwekeze kwenye kampuni ndogo inayokodisha redio za upepo (zile za mawasiliano, unabonyeza ndipo unaongea), mitambo yake yote ikiwa ya analojia na wenyewe wakitaka kuhamia dijitali. Asanteni sana mlionijibu.

Nilitoa pesa kwa awamu kama mlivyoshauri, tena baada ya kusoma mikataba ya wateja. Nikasisitiza wanunue redio za DMR (aina ya redio za upepo za kidijitali) zinazoshika mifumo yote miwili. Hapo ndipo tulipopona: wenye redio za zamani hawakuachwa, na chaneli moja ya kilohetzi 12.5 sasa inabeba mazungumzo mawili kwa pamoja.

Nilikosea kumpuuza aliyesema tupime mawimbi kwanza. Kwenye ghala la chini ya ardhi la mteja mmoja, analojia ilikuwa inakwaruza lakini maneno unayapata. Dijitali ilikuwa safi hadi mlangoni. Ukishuka ngazi chache, kimya kabisa. Mteja yule akaondoka kabla hatujafunga antena ya ndani, na iliniuma sana.

Gawio bado sijaliona. Mtaji upo, na awamu ya pili nimeshaitoa.