Eti wimbo wa Abayudaya "sio wa Kiyahudi", nimekatwa hela kisa hicho

Wakuu habari za saa hizi, naandika nikiwa na hasira sitaki kuwadanganya.

Wiki iliyopita nimepata kazi ya kupiga muziki kwenye shughuli hapa Arusha, wageni ni Wayahudi wa Marekani wametoka mbugani, dada mratibu akaniambia weka nyimbo za Kiyahudi za kutosha. Nikajituma, siku mbili natafuta. Nikafungua na Abayudaya, ile jamii ya Wayahudi Waafrika wa Mbale, hapo Uganda tu, wanaimba Lekha Dodi ile ya kupokea Sabato Ijumaa jioni, Kiebrania kabisa ila melodi yao wenyewe na gitaa. Haijafika dakika mbili dada huyo kwenye mixa, "we kaka mbona unapiga kwaya ya kanisani?" Nikaweka ndugu wawili waitwao Al-Kuwaity, Salah na fidla yake, Daoud na udi, karudi tena eti sasa hii si taarabu ya Waarabu jamani. Anachotaka Hava Nagila basi, ule wimbo wa sherehe wa Kiyahudi unaojulikana kila mahali. Nimeipiga mara tano wakuu. TANO.

Hao kina Kuwaity ni Wayahudi wa Iraki, walitamba Baghdad mpaka wakahamia Israeli mwanzoni mwa miaka ya 1950, na huko nako wakaonekana wapiga muziki wa Kiarabu tu. Wayahudi wa asili ya Syria kila Sabato wanachagua makamu (mfumo wa melodi wa muziki wa Kiarabu) ya kusalia kufuata somo la Torati la wiki, na ni makamu hizi hizi mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarabu) wa Zanzibar anazijua, sasa na wao wakasali wapi?

Halafu hiyo Hava Nagila yenyewe, melodi ni ya Wahasidi (kundi la Wayahudi washika dini) wa Sadigura, Ukraine ya leo, maneno yakatiwa Yerusalemu na Idelsohn, mtafiti wa muziki wa Kiyahudi, miaka ya 1910. Semei Kakungulu, kiongozi wa huko Uganda, kaanzisha Abayudaya 1919. Yaani ni marika! Mmoja halali mwenzie kwaya?? Na hawa enzi za Amin wamesali kwa kujificha, dini yao imepigwa marufuku.

Kuna babu mmoja mgeni alinifuata nakunja waya, akauliza wale wa kwanza ni kina nani, akaandika "Mbale" kwenye tishu akaitia mfukoni. Nimemwambia dada, kanijibu nisimletee ubishi.

Elfu hamsini yangu imeenda hivyo, "nyimbo zisizohusika".