Haki za mateka wa vita: nisome tu ama tuigize?

Atieno_K, Kisumu
Habari zenu wadau. Niko mwaka wa tatu sheria, tunasoma Mikataba ya Geneva ya 1949, zile sheria za kulinda watu wakati wa vita. Vifungu nimekariri, cha 17 mkataba wa tatu kinasema mateka akihojiwa analazimika kutoa jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi basi, lakini nikiulizwa kwa nini hivyo tu nabaki nimetoa macho. Kikundi chetu kinataka tuigize kambi ya mateka Jumamosi, wengine wanasema ni mchezo wa watoto. Mnaonaje?

Mwas wa Nakuru
Fanyeni dadangu. Sisi tuliigiza, mimi nikawekwa mateka, kiti cha mbao katikati ya chumba, chai inachemka kwa jiko hapo kando na sijapewa. Hakuna aliyenigusa. Mhoji alikuwa rafiki yangu wa hosteli, akauliza cheo nikajibu, namba nikajibu, halafu kwa sauti ya upole akauliza wenzako wamelala wapi leo? Nikanyamaza, akauliza tena na tena, dakika kumi hivi nikasema, na nilikuwa nimeapa sitasema kitu. Ndio nikaelewa sheria haikatazi kuuliza, inakataza kukutisha, kukutusi ama kukunyima kitu juu umekataa kujibu. Ile chai ndiyo ilikuwa kosa, na hakuna hata mmoja wetu aliiona mpaka mwalimu akasimamisha zoezi.

Nasimiyu, Bungoma
Sawa kabisa, lakini msiigize askari wa nchi mbili peke yake. Vita vya ndani havina hadhi ya mateka wa vita, hapo unashika kifungu cha 3 kilicho kwa mikataba yote minne: hakuna mateso, hakuna kudhalilisha mtu, hakuna hukumu bila korti halali. Huku kwetu jeshi lilipopanda Mlima Elgon Machi 2008 kusaka wanamgambo, wanaume walitolewa vijijini wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kapkota kuchujwa nani ni mwanamgambo, na malalamiko ya mateso yakawa mengi sana. Mtu wa hivyo hana cheo wala namba ya kutoa. Wekeni mkulima kwa hicho kiti, matope bado iko kwa gambuti. Na mmoja awe mjumbe wa Msalaba Mwekundu aombe kuongea na yeye bila mlinzi kusikia.

Atieno_K
Asanteni sana, tumebadilisha, askari mmoja na mkulima mmoja. Mwas, maswali mlikuwa mnayajua mapema?

Mwas wa Nakuru
Hapana, na msimwambie mtu. Lakini kubalianeni neno moja la kusimamisha, likitajwa kila mtu anaacha papo hapo. Sisi tulisahau, na mlinzi mmoja alikuwa ameanza kufoka kweli kweli.