Nimepewa unasihi wa Kidato cha Kwanza, na fimbo bado ninayo mimi

Mwl wa Hesabu, Chamwino
Habari za jioni. Nafundisha shule ya kata. Januari mkuu wa shule aliniongezea unasihi wa Kidato cha Kwanza, ilhali mimi ndiye mwalimu wa nidhamu.

Watoto wana miaka 13, 14. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, hapa wanakuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Aliyekuwa anaongoza kijijini kwao sasa anakaa nyuma, mkono haunyanyuki. Nikaanzisha kipindi cha dakika 40 kila Ijumaa: kukabili msongo, kumsikiliza mwenzako, kuomba msaada. Nikatundika na sanduku la maoni lenye kufuli. Wiki tatu nimepata vikaratasi viwili. Kimoja kinaomba mpira. Cha pili: "Mwalimu utaujua mwandiko wangu."

Na kweli niliujua. Ni kijana niliyemchapa Februari kwa kuchelewa, bila kumuuliza. Kumbe kila asubuhi anawachotea wadogo zake maji ndipo aanze safari ya shule. Kile kikaratasi ninacho mfukoni mpaka leo.

Naomba kuuliza, hasa walio kwenye kazi hizi: mtu mmoja anaweza kuchapa na kusikiliza?

Muuguzi, Dodoma Mjini
Mbukwa mwalimu. Swali lako lilishapimwa India, jimbo la Bihar, katika sekondari 74. Mpango wa kuwasaidia wanafunzi ulikuwa mmoja. Shule nyingine ziliuendesha kwa walimu, nyingine kwa washauri waliofundishwa kazi hiyo tu, watu wa kawaida wasio wataalamu wa saikolojia. Matokeo yalitoka 2018. Palipokuwa na washauri, uonevu na dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, vilipungua, na wanafunzi waliona shule yao ni mahali pa kuwajali. Palipokuwa na walimu, hapakuwa na tofauti ya maana na shule zisizo na mpango. Sisemi walimu ni wabaya. Nafikiri mtoto anaangalia kwanza umeshika nini mkononi.

Jambo moja usilisubirishe mpaka Ijumaa: mtoto anayetaja kujiua, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huyo ongea na mzazi siku hiyohiyo, aende kituo cha afya, ikibidi aletwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Najua jina hilo watu wanalifanya tusi, na linaniumiza, maana wapo wanaochelewa kutibiwa kwa kuliogopa.

Mwalimu mstaafu, Kongwa
Mwanangu, mimi nakuuliza wanakula nini saa nne. Uingereza walijaribu kuwafundisha wanafunzi kutuliza mawazo darasani, zaidi ya 8,000 katika shule 84, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba hawakuwa na nafuu kuliko waliofundishwa kama kawaida. Basi somo la kutulia peke yake lisikutoe jasho. Sisi tulikaa na wazazi baada ya mavuno, kila kaya ikatoa debe la mahindi au uwele, tukapika uji. Wale waliokuwa wanasinzia na kununa, tuliokuwa tunawaita wakaidi, wengi wao walikuwa na njaa. Niliwachapa wangapi kwa njaa, sijui.

Mwanafunzi, UDOM
Shikamooni. Kenya, Nairobi na Kiambu, kazi hii walipewa vijana waliotoka sekondari karibuni. Vikao vinne tu, kimoja kwa wiki, cha muda wa saa moja: kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na mambo anayoyathamini. Walipimwa wanafunzi 413, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mwalimu, hapo kijijini hamna aliyemaliza Kidato cha Sita na anasubiri chuo? Mimi kidato cha kwanza ningemwambia dada wa jirani mambo ambayo mwalimu asingeyapata.

Mwl wa Hesabu, Chamwino
Asanteni. Shikamoo mzee wa Kongwa, suala la uji nitalipeleka kwenye kikao cha wazazi. Jumatatu asubuhi namfuata mkuu, nidhamu ichukuliwe na mwingine. Wapo mabinti wawili waliomaliza Kidato cha Sita, wamerudi kutoka JKT, nitaongea na wazazi wao.

Yule kijana nitamtafuta saa ya mapumziko. Karatasi sitaitaja. Nitamwomba radhi kwa siku ile, halafu nimuulize wadogo zake wako wangapi.