Vipimo vitatu, namba tatu: nimwamini nani kwenye chumvi ya tangi?

Kitatange_Dsm

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye matangi ya maji ya bahari.

Tangi langu, ukitoa mawe na mchanga, lina maji halisi lita 200. Ndani kuna matumbawe laini na samaki wanne. Joto la maji ni 29°C. Nimechota maji kwenye kikombe kimoja na kuyapima kwa vifaa vitatu ndani ya dakika kumi:

haidromita ya plastiki, ile ya kisanduku chenye mkono unaonyanyuka: 1.022
rifraktomita ya kuchungulia kwa jicho, aina inayojirekebisha kwa joto: 35 ppt (gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji)
kalamu ya kidijitali inayopima upitishaji umeme: 32.4 ppt

Rifraktomita niliiseti sifuri kwa maji ya kunywa ya chupa. Kalamu ni mpya, naitumia kama ilivyotoka kwenye boksi. Haidromita ni ya siku nyingi. Kalsiamu inapima 395 ppm (sehemu kwa milioni), nayo naona iko chini. Ninachotaka ni 35 ppt kamili. Niamini kifaa kipi, na je, niongeze chumvi?

---

Tasi_Kisauni

Chumvi usiiguse kwanza. Ukiongeza kwa kufuata haidromita ilhali rifraktomita ndiyo iliyo sahihi, utafika 40 na matumbawe yatajikunja yote.

Vifaa hivi vitatu havipimi kitu kimoja. Haidromita inapima uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu. Rifraktomita inapima mwanga unavyopinda ukipita kwenye maji. Kalamu inapima umeme unavyopita. Chumvi hakuna kinachoiona moja kwa moja. Kila kimoja kinakisia kupitia njia yake, na kila njia ina kosa lake. Kwa hiyo usitafute wastani wa namba tatu. Tafuta kosa la kila kimoja.

Maji ya bahari ya 35 ppt, yakiwa 25°C, yana uzito linganifu wa 1.0264 na yanapitisha umeme milisimensi 53 kwa sentimita. Hizo ndizo alama za kushika kichwani.

Tuanze na haidromita. Nyingi zinazouzwa kwa matangi zimepigwa alama kwa maji ya 25°C. Maji yakipata joto yanatanuka, yanakuwa mepesi. Maji ya 35 ppt yakiwa 29°C, haidromita ya 25°C itakuonyesha kama 1.025 tu. Hapo umepotea karibu 1.7 ppt kabla hujafanya kosa lolote. Huku pwani, tangi lisilo na kipoozeo linashinda 28 hadi 30, kwa hiyo kosa hili tunalo mwaka mzima.

Ila joto peke yake haliwezi kukushusha hadi 1.022. Angalia mkono wenyewe chini ya mwanga mkali. Ukiona ukungu mweupe karibu na ekseli au kwenye ncha, hayo ni magadi ya chokaa na chumvi iliyokauka. Yanauongezea mkono uzito, unazama, namba inashuka. Viputo vya hewa hufanya kinyume: vinaubeba mkono, namba inapanda. Loweka kisanduku kizima kwenye siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, saa kadhaa, suuza vizuri, kisha jaza maji ya tangi taratibu ukiwa umekiinamisha. Gonga ubavuni kwa kidole mpaka viputo vitoke, kisha kiweke mahali palipo sawa kabisa. Ukikishika mkononi huku umesimama, namba utakayosoma haina maana.

---

JongooBahari

Naongezea upande wa rifraktomita, maana hapo ndipo wengi wanaumia bila kujua.

Mkuu Kitatange, chungulia ndani ya rifraktomita uangalie mizani zake mbili. Mstari wa 35 upande wa ppt uko mkabala na namba gani upande wa pili, ule wa uzito linganifu? Ukikuta 1.025, hiyo inaelekea kuwa rifraktomita ya chumvi ya mezani, iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya vyakula. Ukikuta 1.026 na ushee, ni ya maji ya bahari. Hiyo ni dalili tu, uthibitisho utaupata kwenye maji ya kipimo, yaani maji ambayo chumvi yake inajulikana.

Tofauti inatoka wapi? Maji ya bahari si chumvi ya mezani peke yake. Yana magnesiamu, salfati, kalsiamu, na hivyo mwanga unapinda kwa kiasi kingine. Maji ya bahari ya 35 ppt yanapinda mwanga sawasawa na chumvi ya mezani ya 36.5. Kwa hiyo rifraktomita ya chumvi ya mezani, hata ikiwa nzima na sifuri yake imekaa sawa, itakuambia 36.5 pale ambapo ukweli ni 35. Na inapokuambia 35, ukweli ni kama 33.5.

Ndiyo maana kuiseti sifuri kwa maji ya chupa hakutoshi. Maji ya chupa yenyewe hayana ubaya mkubwa, madini yake ni kama 0.1 au 0.2 ppt. Tatizo ni kwamba umehakiki mwanzo wa mizani halafu unasoma mbali, kwenye 35. Hakiki palepale unaposomea.

Maji ya kipimo unaweza kununua, chupa iliyoandikwa 35 ppt ya maji ya bahari. Ukikosa, tengeneza: gramu 36.5 za chumvi laini ya mezani kwenye gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Vyote pima kwa uzito, usitumie kikombe wala mstari wa chupa. Chumvi yetu huvuta unyevu, kwa hiyo ikaushe kwanza kwenye ovena au kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, iache ipoe ikiwa imefunikwa. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haifai kwa chumvi, kosa la nusu gramu ni nusu ppt. Tumia ile ndogo ya sonara inayosoma 0.1 au chini yake. Madini ya joto yaliyomo kwenye chumvi hayaharibu kitu, ni kidogo mno. Kwa maji, yale ya kuongezea betri yanafaa, lakini soma lebo mara mbili: dukani yanapangwa pamoja na asidi.

Mchanganyiko huo ukiuweka kwenye rifraktomita lazima usome 35. Usiposoma 35, zungusha skrubu kwa bisibisi ndogo mpaka ufike. Umemaliza.

Onyo: mchanganyiko huu ni wa rifraktomita tu. Kalamu ya umeme inataka kiasi kingine, gramu 32.9 kwenye 967.1 za maji. Haidromita inataka gramu 37.1 kwenye 962.9. Mtu akichukua chupa moja na kusetia vifaa vyote vitatu, amejitengenezea makosa mawili mapya.

Na joto. Kifaa cha kujirekebisha kawaida kinajirekebisha kati ya 10 na 30°C, na kinachorekebishwa ni joto la kifaa chenyewe, si la tangi. Matone mawili matatu yakikaa kwenye prizimu (kile kioo unachowekea matone) sekunde 30 yanachukua joto la chuma. Chumba cha Dar mwezi wa pili saa nane mchana kinaweza kupita 30. Pima asubuhi. Maji ya kipimo na maji ya tangi yapimwe chumba kilekile, muda uleule. Usisimame chini ya taa ya buluu ya tangi, ule mpaka wa kusomea namba, kati ya buluu na nyeupe, utauona umefifia. Elekea dirishani au kwenye taa nyeupe. Mpaka ukiwa na meno au ukungu, matone hayakujaa prizimu au kuna kiputo. Futa, weka upya.

---

Mwani_Unguja

Kwa nini mnahangaika na maduka? Bahari iko hapa na ni 35. Chota chupa moja ya maji ya bahari, setia hayo.

---

Tasi_Kisauni

@Mwani_Unguja hapana ndugu yangu. Bahari ya Hindi nje huko ni kama 35, ila unapochota wewe ni ufukweni. Msimu wa masika maji ya mvua yanashuka na kutanda juu kwa sababu ni mepesi. Karibu na mdomo wa Msimbazi, au ndani ya hori kama Tudor na Mtwapa, unaweza kuchota maji yaliyopungua sana. Kiangazi kwenye vidimbwi vya miamba maji yakitoka, jua linayakausha na chumvi inapanda. Maji ya bahari ni mazuri kubadilishia tangi kama umeyachota maji yakiwa yamejaa, mbali na mto, na UKAYAPIMA. Kuyafanya ndiyo kipimo ni kumwuliza mtuhumiwa kama ana hatia.

---

JongooBahari

Kuhusu kalamu, kabla sijasahau. Kutoka kwenye boksi haijasetiwa, hilo tu linatosha kuleta tofauti ya ppt moja. Nunua kipakiti cha maji ya kipimo kilichoandikwa 35.00 ppt. Mimina kwenye kikombe kidogo kikavu, tumbukiza kalamu, itikise na kuigonga kwenye ukuta wa kikombe ili viputo vitoke kwenye tundu la elektrodi. Kiputo kimoja kilichonasa humo kinazuia umeme, namba inashuka. Subiri namba ya joto itulie kabla ya kusoma namba ya chumvi, dakika moja au mbili. Kisha ndipo ubonyeze kuseti. Maji yaliyotumika mwaga, usiyarudishe.

Tangi nalo usilipime kwa kuitumbukiza kalamu ndani. Umeme unaovuja kidogo kutoka kwenye hita au pampu huchezesha namba. Chota kikombeni.

Swali moja, Kitatange: ulipima kabla au baada ya kujaza maji yaliyopungua kwa mvuke?

---

Kitatange_Dsm

Nilipima baada ya kujaza, pampu zikiwa zimezunguka saa mbili.

Nimefanya yote mliyosema, asubuhi chumba kikiwa 27°C. Rifraktomita: mstari wa 35 uko mkabala na 1.025. Mchanganyiko wa gramu 36.5 umesoma 36.5 badala ya 35. Nimezungusha skrubu, sasa tangi linasoma 33.5. Kalamu kwenye kipakiti cha 35.00 ilisoma 34.0; nimeiseti, tangi linasoma 33.4. Haidromita ilikuwa na magadi pale kwenye ekseli kama alivyosema Tasi, baada ya siki imepanda hadi 1.024.

---

Tasi_Kisauni

Basi limeisha. Chumvi ya 33.5 kwenye 29°C, haidromita ya 25°C inatakiwa isome 1.024, na ndiyo hiyo. Vifaa vitatu, njia tatu tofauti, jibu moja. Hapo ndipo namba inaaminika.

Kalsiamu nayo usiiongezee dawa. Maji ya bahari ya 35 yana kalsiamu kama 412. Ukishusha chumvi hadi 33.5 inabaki 394. Ulipima 395. Haikupungua kalsiamu, imepungua chumvi. Magnesiamu ukiipima utaikuta imeshuka kwa uwiano uleule.

Kupandisha: unahitaji gramu 1.5 kwa lita, mara 200, ni gramu 300. Usimwage chumvi kavu tangini, chembe ikitua juu ya tumbawe inaliunguza. Tangi linapoteza maji kiasi gani kwa siku?

---

Kitatange_Dsm

Kama lita 2.

---

Tasi_Kisauni

Vizuri sana. Badala ya kujazia maji matamu, jazia maji ya chumvi ya 35 ppt, lita 2 kila siku. Kila siku utaingiza gramu 70, ambazo ni 0.35 ppt. Siku ya nne uko 34.9, unarudi kwenye maji matamu. Kama una mashine ya kujazia yenyewe, izime siku hizo. Ukihitaji kwenda haraka zaidi, usizidi ppt 1 kwa siku.

Siku ukikuta imepanda badala ya kushuka, hesabu ni hii: lita za tangi mara tofauti, gawa kwa namba uliyonayo. Tangi la lita 200 likiwa 38 na unataka 35, ni 200 × 3 ÷ 38, karibu lita 16. Toa hizo, weka maji matamu kidogo kidogo, igawe siku tatu nne.

---

Kitatange_Dsm

Nimeelewa. La mwisho: hayo maji ya chumvi nikichanganya leo jioni, nipime lini? Na kuhakiki vifaa ni kila baada ya muda gani?

---

JongooBahari

Changanya kwa pampu usiku kucha, pima kesho yake. Ukipima baada ya nusu saa kuna chembe hazijayeyuka na maji hayajapata joto la chumba. Gramu kwa lita zilizoandikwa kwenye ndoo ya chumvi zichukulie kama pa kuanzia tu, maana ndoo iliyofunguliwa kwa unyevu wa pwani inakuwa nzito kwa maji, si kwa chumvi.

Rifraktomita ihakiki kila unapobadilisha maji, ni dakika mbili. Kalamu mara moja kwa mwezi. Prizimu suuza kwa maji matamu na ufute kwa kitambaa laini kila ukimaliza, chumvi ikikauka pale inakwangua kioo. Chupa ya maji ya kipimo funga kizibo mara tu ukishatoa matone. Ikiachwa wazi maji yanafuka, kipimo chenyewe kinapanda, na tangi lako litapanda nalo. Andika tarehe kwenye chupa kwa peni ya wino mzito, na ile ya kutengeneza nyumbani imwage baada ya miezi michache utengeneze nyingine.