Mrejesho: Shina la aota limebadilishwa, vali yake imebaki

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu mdogo wangu wa kike, ambaye aota yake, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, imetanuka pale inapotokea kwenye moyo (ndipo shina lake): abadilishiwe shina pamoja na vali, ule mlango unaozuia damu kurudi moyoni, yaani upasuaji wa Bentall, au shina tu, yaani upasuaji wa David?

Ameshafanyiwa, ni David. Daktari alikuta vijilango vyote vitatu vya vali bado laini, havijachanika, akaona hakuna sababu ya kuvitoa. Vali ya kimakanika ingemfunga na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba, naye anatamani sana kuzaa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Vali iliyotengenezwa kwa tishu ya mnyama nayo huchakaa.

Kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kinaonyesha vali haivuji. Jana katembea korido nzima, kila akikohoa anakumbatia mto kifuani. Asanteni mno.