Mrejesho: Majibu ya CT scan ya mama

Wakuu, niliuliza kama mama, anayeona vitu viwili viwili na shavu la kushoto kufa ganzi, apigwe CT scan (picha za eksirei za kompyuta) ya kichwa au ni presha tu, kama shemeji alivyosema. Tulitoka Pongwe alfajiri kwenda mjini Tanga. Akapimwa figo kwanza, ndipo akachomwa dawa ya kung'arisha picha.

Daktari alituonyesha kwenye kioo: kitundu cha sakafu ya fuvu, unapopita mshipa wa fahamu wa shavu, kimetanuka kuliko mwenzake wa kulia. Kingo zake laini, hazijaliwa. Huenda ni uvimbe unaokua polepole, kasema, ila CT huonyesha mfupa vizuri kuliko nyama, hivyo MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha nyama vizuri, ifuate. Ijumaa tunapanda basi kwenda Dar.

Presha? 120 kwa 80, ya kawaida, shemeji.