Amfoterisini (dawa ya fangasi) dozi moja kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokokasi, inatosha kweli?

dokta_arua
Habari wakubwa. Niko wodi ya wagonjwa wa ndani huku Arua, bosi wetu mpya anasema drip za amfoterisini za siku saba tuziache, mgonjwa mwenye HIV apewe ile ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta) mara moja tu siku ya kwanza basi. Sisi tunaweka wiki nzima na bado wengine wanatufia, sasa hii dozi moja imejaribiwa kwa wagonjwa kama wetu ama ni mambo ya Ulaya?

msawo_mbarara
Imejaribiwa hapahapa dokta! Utafiti unaitwa AMBITION, ulitoka 2022, wagonjwa zaidi ya 800 wa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, na Kampala na Mbarara tulikuwemo. Liposomu miligramu 10 kwa kila kilo mara moja, halafu siku 14 za vidonge vya fangasi, yaani flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku, unagawa mara nne, pamoja na flukonazoli miligramu 1200 kwa siku. Kufikia wiki ya 10 walifariki 24.8%, kwa wale wa siku saba 28.7%. Kwa vifo huwezi kusema imeishinda ile ya zamani, ila haiko nyuma yake, na madhara makali yalipungua, 50% kwa 62.3%. WHO ikabadilisha mwongozo mwaka huohuo.

sista_zamu
Naongeza moja tu, dozi moja haimaanishi kazi imeisha. Flusitosini ni mara nne hata usiku, na mgonjwa aliyechanganyikiwa hamezi, weka mpira wa puani mapema. Na presha ya maji ndani ya kichwa jamani!! Kichwa kikiuma sana au macho yakaanza kuona mawilimawili toeni maji ya mgongo, hata kila siku ikibidi, dawa peke yake haishushi presha. Damu ya figo na potasiamu pia endeleeni kupima.

dokta_arua
Asanteni sana. Na ARV tunaanza lini, maana ndugu za wagonjwa wanatusukuma tuanze haraka?

msawo_mbarara
Subiri wiki 4 mpaka 6. Kwenye utafiti wa COAT wa 2014, Uganda na Afrika Kusini, walioanzishwa mapema walifariki 45% kufikia wiki ya 26, waliosubiri 30%. Waelezeni ndugu polepole, wanaelewa.

dokta_arua
Sawa dokta. Kesho asubuhi naanzia famasi, niulize flusitosini ipo ya kumalizia siku 14 kabla sijamwandikia mtu.